Mwongozo kamili wa kuendesha gemu ya zamu ya timu mtandaoni, kutoka Mwanza

Gemu yetu ya kwanza ilikufa raundi ya 31. Hakuna taifa lililotekwa, hakuna mji uliochomwa. Mshika simu wa timu moja alipanda meli kwenda Nansio msibani, chaji ikamwishia, na sisi wengine tukabaki kwenye grupu tunaulizana, "Zamu ya nani?" Siku ya tano hakuna aliyeuliza tena. Tangu hapo nimesimamia tatu, zote zikafika mwisho, na karibu kila kilichomo humu ni kitu nilichokibadilisha kwa sababu ya ile safari ya Nansio.

Kwa asiyeujua mchezo wenyewe: kuna ramani, mataifa kadhaa, miji, mashamba, elimu na jeshi. Kila taifa linaendeshwa na timu ya watu wanne au watano. Zamu ikifika timu inajadiliana, mmoja anafungua simu, anasogeza askari, anaagiza ujenzi, anafunga, zamu inahamia kwa wengine. Hamhitaji kuwa hewani kwa pamoja. Kama umewahi kusimama kwenye bao mtaani, picha unayo tayari: waliokaa ni wawili, lakini kelele zote zinatoka nyuma yao, "Una mtaji huo, unatakata nini!", yaani unaweza kula kete za mwenzako, kwa nini unazungusha bila kula. Huku kwetu wale wa nyuma wanapewa kazi rasmi.

Kuchagua gemu

Sisi tunatumia Unciv. Ni ya bure, msimbo wake uko wazi, inakaa kwenye simu ya kawaida ya Android na kwenye kompyuta, na kanuni zake zimefuata zile za Civilization V, gemu maarufu ya kompyuta. Haina michoro ya kutisha, na hilo ndilo linaloifanya ifae simu ya bei ndogo. Data inahitajika hasa unaposhusha zamu na unapoipandisha, na kinachosafiri ni faili dogo tu. Mtu anayenunua bando la siku hataliona limepungua.

Freeciv ni mzee wa kazi. Ilianzishwa na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Aarhus, Denmark, na toleo lake la kwanza lilitoka 1996. Inafaa kama mna kompyuta moja ya kuifanya seva na mnapenda mataifa yote yacheze ndani ya zamu moja kwa wakati mmoja. The Battle of Polytopia ya Midjiwan, kampuni ya Sweden, ni nyepesi na ina namna ya kucheza inayoisha kwa raundi 30. Kwa watu ambao hawajawahi kucheza mkakati wowote, waanzishe hapo wiki mbili kabla ya kuwaleta kwenye gemu kubwa.

Jambo moja la kiufundi linalovunja gemu nyingi: wote wawe na toleo lilelile la programu. Zima masasisho ya moja kwa moja kwenye simu zote tangu siku ya kwanza. Mkitaka kupanda toleo, mpande wote siku moja, refa akisema.

Hesabu kabla ya kuita watu

Kaa na kalamu. Timu nne, kila moja ikipewa saa 24, maana yake raundi moja inakula siku nne. Raundi 100 ni siku 400. Mwaka na zaidi! Hakuna grupu la WhatsApp ninalolijua linaloweza kubeba hasira za mwaka mzima. Halafu watu wanahitimu, wanahama, wanaoa.

Hesabu tuliyotulia nayo ni timu tatu za watu watano watano, refa wa kumi na sita, na siku iliyogawanywa madirisha matatu:

saa 12 asubuhi hadi saa 6 mchana, timu ya kwanza;
saa 6 mchana hadi saa 12 jioni, timu ya pili;
saa 12 jioni hadi saa 5 usiku, timu ya tatu.

Baada ya saa 5 usiku gemu inalala, na sisi tunalala. Kwa mpango huo raundi moja ni siku moja, na raundi 100 ni miezi mitatu na kitu. Timu ikimaliza mapema, inayofuata inaweza kuanza papo hapo, lakini mwisho wa dirisha lake haubadiliki. Na kwa kuwa dirisha la mchana si zuri kwa mtu aliye kazini, kila baada ya raundi 30 tunaruka dirisha moja, ili waliokuwa wa asubuhi wawe wa mchana na wengine wasogee vilevile.

Kwenye mpangilio wa gemu weka mwendo wa haraka na ramani ndogo. Ramani kubwa inavutia siku ya kwanza, lakini mataifa ya kompyuta yakiongezeka simu ya zamani inachemka, na zamu inachukua dakika nyingi za kuangalia duara likizunguka. Nchi kavu moja ni bora kuliko visiwa. Najua sisi wa ziwani tunapenda visiwa. Tulijaribu mara moja, na ilipofika raundi ya 40 hakuna aliyekuwa amekutana na jirani. Watu walikuwa wanalima tu.

Andika pia mwisho kabla hamjaanza. Sisi tunasema: raundi ya 110, anayeongoza kwa pointi ameshinda, kama hakuna aliyeshinda kabla kwa njia nyingine. Bila mstari huo, timu inayopoteza huanza kuchelewesha zamu makusudi kuanzia raundi ya 80, na huwezi kuwathibitishia.

Saa

Ukiandika "mwisho saa 3" umeshaleta ugomvi. Saa 3 ya nani? Mwenzetu aliyekuwa anasoma Ujerumani aliisoma kama saa 3 ya simu yake, yaani alasiri ya huko, akaja kukuta dirisha bado halijafunguliwa, akafunga simu akalala. Kanuni yetu tangu hapo: kila muda unaandikwa mara mbili, kwa Kiswahili na kwa namba za simu: saa 3 usiku, 21:00, saa za Afrika Mashariki. Saa zetu ziko saa tatu mbele ya saa ya dunia na hazibadiliki mwaka mzima. Za Ulaya hubadilika Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba, kwa hiyo huyo wa Ujerumani tofauti yake nasi ni saa moja wakati wa kiangazi cha kwao na saa mbili wakati wa baridi. Mkumbushe mwezi ukifika. Mwenyewe hatakumbuka.

Kuna wachezaji wa Freeciv wanaotumia zamu ya saa 23, ili mwisho wa zamu urudi nyuma saa moja kila siku na usimwangukie mtu yuleyule usiku wa manane siku zote. Ni haki kabisa, na kwetu haifai hata kidogo. Mtu anayefungua duka Buzuruga saa 1 asubuhi anataka saa isiyohama.

Watu, na mwezi

Hapa ndipo gemu inaposimama au kuanguka, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Usipange timu kwa urafiki. Panga kwa ratiba. Chukua karatasi, kila mtu aandike saa anazokuwa na simu mkononi, yenye chaji, na kichwa kimetulia. Utashangaa. Bodaboda wa Igoma ana dakika kumi kumi siku nzima lakini hana nusu saa. Mwanafunzi wa Nyegezi ana usiku wote isipokuwa wiki za mitihani. Muuza samaki wa Mwaloni Kirumba anaanza kazi giza halijaisha, na kufika saa 2 usiku amelala fofofo. Timu nzuri ni ile ambayo ratiba zake hazifanani.

Halafu kuna mwezi. Kwenye timu zetu wapo wawili wa dagaa, mmoja Igombe na mmoja Ukerewe. Dagaa huvuliwa kwa taa, na taa hufanya kazi usiku wa giza. Mbalamwezi ikijaa, taa haina maana, wavuvi wanapumzika nchi kavu siku kadhaa. Kwa hiyo mtu wa dagaa si mchezaji asiyeaminika, ni mchezaji wa kalenda nyingine, yenye mzunguko wa siku 29 na nusu. Mpe kazi nzito siku za mwezi mpevu, mpumzishe siku za giza. Tulipoanza kubandika kalenda ya mwezi juu ya grupu, malalamiko ya "fulani hajibu" yalikwisha karibu yote. Yule wa Ukerewe sasa ndiye mpanga vita wa timu yake. Anasema akiwa ziwani usiku anayo ramani kichwani, akirudi anatuma sauti ya dakika sita.

Mimi mwenyewe nilikuwa nacheza zamu zangu kwenye foleni ya kivuko pale Kigongo, nikienda Sengerema kikazi. Daraja la Kigongo hadi Busisi lilipofunguliwa Juni 2025, zile kilomita tatu za maji zikawa dakika chache za gari. Nashukuru, lakini muda wangu wa kupanga vita umeondoka nao. Ratiba za watu hubadilika hivyo. Zipitie upya kila baada ya raundi 30, siku ileile mnapobadilisha madirisha.

Kazi ndani ya timu ni hizi. Nahodha ndiye mwenye neno la mwisho. Mshika simu hufungua zamu na kutekeleza. Msaidizi wake hukaa mtaa mwingine na hutumia mtandao tofauti wa simu, ili minara ikilala upande mmoja, upande mwingine uwepo. Karani huandika. Balozi huongea na timu nyingine. Ikiwa mko wanne, karani na balozi awe mtu mmoja. Mshika simu na nahodha wasiwe mtu mmoja kamwe: aliyeshika simu akiwa pia mwenye uamuzi, wengine wanageuka watazamaji, na mtazamaji huondoka.

Kuunganisha

Kila timu inateua simu moja ya kwanza. Kwenye simu hiyo fungua Unciv, ingia sehemu ya wachezaji wengi, nakili namba ndefu ya utambulisho, mtumie refa faraghani. Refa anaanzisha gemu mpya, anawasha kitufe cha kucheza mtandaoni, anaweka mataifa matatu ya binadamu, na kwa kila moja anabandika namba ya timu husika. Aikague herufi kwa herufi. Namba ikikosewa, taifa hilo halina mwenyewe, na mnaanza upya. Gemu ikishaundwa inatoa namba yake yenyewe. Refa anaisambaza, kila timu inaiongeza kwenye orodha yake, basi.

Namba ya utambulisho ya timu inaweza kuwekwa kwenye simu ya msaidizi, kwenye mipangilio. Fanyeni hivyo siku ya kwanza na mjaribu kweli, msaidizi acheze raundi ya pili au ya tatu. Ile gemu ya Nansio ingepona kwa hatua hii peke yake. Anayeiweka namba hiyo ahifadhi kwanza namba yake binafsi mahali, maana itafutwa na mpya.

Raundi 15 za mwanzo msizicheze kwa madirisha. Hazina mambo: una mji mmoja na askari mmoja, zamu ni sekunde 40. Kutaneni ana kwa ana jioni moja, simu tatu mezani, mzimalize kwa pamoja. Sisi huchagua jioni ya mwezi mpevu ili watu wa dagaa wawepo. Faida yake ni zaidi ya muda. Watu wanaoonana sura hawatukanani raundi ya 70.

Namna ya kuamua

Mwaka 1999 bingwa wa dunia Garry Kasparov alicheza chesi dhidi ya dunia nzima kupitia intaneti. Watu maelfu walipiga kura kila hatua, saa 24 kwa hatua, na yeye akashinda baada ya hatua 62. Watu huisimulia kama ushindi wa mtu mmoja, lakini mimi ninachokitazama ni kwamba dunia ilimhangaisha sana, kwa sababu kulikuwa na wachambuzi vijana waliokuwa wakieleza hoja kabla ya kura. Kura bila maelezo ingeanguka mapema.

Basi kwenye timu fanyeni hivi. Zamu ikifunguliwa, mshika simu anatuma skrinishoti tatu: mpaka wenye hatari, mji mkuu, na orodha ya elimu. Nusu saa ya mapendekezo, na kila pendekezo liwe na sababu. "Tushambulie" si pendekezo. "Tushambulie mji wa kaskazini kwa sababu wapiga mishale wao wawili wameondoka" ni pendekezo. Mambo matatu pekee hupigiwa kura: kutangaza vita, kuanzisha mji mpya, kuvunja mkataba. Mengine nahodha anaamua, akasema kwa nini kwa sentensi moja.

Kwenye timu yetu ya pili kulikuwa na mwalimu mstaafu, na vijana wakawa wanamwogopa. "Shikamoo mwalimu, nadhani tungeweza labda..." halafu kimya. Akalitambua mwenyewe, akaomba asiwe nahodha bali karani, na akaweka sharti kwamba yeye huandika maoni ya mwisho, baada ya wadogo kusema. Ikawa timu bora kuliko zote. Kama mna mzee, mpe nafasi hiyo na umwambie sababu kwa heshima.

Kuwe na maagizo ya kudumu pia, yaliyobandikwa juu ya grupu, yasiyozidi mistari mitano: tukishambuliwa ghafla, jeshi lirudi mji gani, dhahabu isishuke chini ya kiasi gani, elimu inayofuata ni ipi. Msaidizi akiamshwa saa 4 na nusu usiku kumalizia zamu, haulizi mtu, anafuata maagizo. Zamu ya wastani iliyochezwa kwa wakati inashinda zamu nzuri iliyosubiriwa.

Karani anaandika taarifa fupi kila zamu. Yetu inaonekana hivi: "Raundi 47. Mji wa tatu: ghala limekamilika, ukuta umeanza. Askari wawili wamevuka mto. Tumewapa jirani hariri kwa chuma. Tahadhari: wapanda farasi wao wanne mpakani." Aliyekosa siku nne anasoma mistari minne anarudi mchezoni.

Baina ya timu

Balozi huongea na balozi, maandishi, si sauti, ili kuwe na ushahidi. Kusaliti mkataba kunaruhusiwa, ndiyo mchezo. Kusaliti kwa kutumia simu ya mtu aliyeisahau mezani hakuruhusiwi. Andikeni tofauti hiyo wazi, kwa sababu kuna mtu atajaribu.

Fahamu pia kwamba Unciv hushusha faili lote la gemu kwenye simu ya mchezaji, kwa hiyo mjanja wa kompyuta anaweza kuchungulia ramani iliyofichwa. Hakuna kufuli la kuzuia hilo, mnategemea kiapo. Ikiwa kundi lenu halina imani ya kiasi hicho, chagueni gemu yenye seva inayoficha.

Utani uruhusiwe, na uwe mkali. Usukumani tumerithi mashindano ya Wagika na Wagalu, vikundi viwili vya ngoma vinavyovutana kila msimu kuona nani atavuta umati mkubwa zaidi. Nendeni makumbusho ya Bujora wakati wa sikukuu ya ngoma ya Bulabo mjionee. Gemu yetu ya timu mbili tuliziita majina hayo, na grupu la wazi likawa na kejeli kuliko mikakati. Lakini kejeli zikae grupu la wazi tu. Makabila, dini na vyama vya siasa, refa anafuta papo hapo.

Refa

Asiwe kwenye timu yoyote. Kazi zake ni kutangaza zamu, kulinda saa, na kuamua penye utata ndani ya saa mbili. Dirisha likibaki saa moja anamwandikia mshika simu: "Kaka, saa moja." Dakika 20 zikibaki anampigia msaidizi, kwa sauti. Dirisha likifungwa, msaidizi ana nusu saa ya nyongeza ya kufunga zamu kwa maagizo ya kudumu. Ikishindikana, refa anasimamisha gemu siku moja, na timu hiyo inakuwa imetumia moja ya ruhusa zake tatu. Ya nne, taifa lao linakabidhiwa kwa watu wa akiba.

Ruhusa tatu zinatosha kwa msiba, ugonjwa na umeme kukatika siku nzima. Msiba usihojiwe. Umeme tunauliza majirani.

Refa hapendwi, mpeni chochote: kila mchezaji huchanga kidogo mwanzoni kwa simu yake, refa analipiwa vocha ya maongezi kwa kuwa ndiye anayepiga simu, na kinachobaki kinakwenda kwenye chakula cha mwisho.

Siku ya kufunga

Raundi tano kabla ya mwisho refa anatangaza kila siku: zimebaki tano, nne, tatu. Raundi ya mwisho tunaicheza mezani kama zile za kwanza. Pointi zikishasomwa, magrupu ya siri ya timu zote tatu yanafunguliwa, kila mtu asome walichokuwa wanamsema. Wanaoshindwa wanalipia sato, na kusoma huko huchukua mpaka usiku. Mara ya mwisho tuligundua kwamba mabalozi wawili walikuwa wamekubaliana kumsaliti wa tatu usiku mmoja, raundi ya 88, na kila mmoja akamwonya huyo wa tatu kwa siri dhidi ya mwenzake. Naye hakumwamini yeyote, akajenga kuta kote, akashinda kwa pointi kumi na moja.